Povu Mpaka Viwikoni

Wakili alipanda chumbani kwake na meneja huku bado anafoka. Hoteli ina matawi kila mji, bei haishikiki, halafu bafu limejaa nywele za mgeni aliyetangulia!

Akasukuma mlango. Bafu linang'aa. Mama yake, aliyesafisha vyumba vya hoteli miaka thelathini, na ambaye leo wakili kamleta awe mgeni walau mara moja, alikuwa amepiga magoti, povu mpaka viwikoni.

Alipoiona suti ya meneja akainuka haraka. "Samahani, bosi. Namalizia sasa hivi."

"Kumbe umekuja na mfanyakazi wako, mheshimiwa?" meneja akauliza.

Povu lilidondoka kwenye vigae, tone kwa tone.

"Ndiyo," wakili akajibu.

Mama akapiga magoti tena.