Mbuzi wa Ghorofa ya Saba

Jengo zima tunakula uji unaogawiwa kwa bomba, sawa kwa sawa. Lakini mwezi huu mimi nimepewa kibali cha kufuga mbuzi wa kweli wa maziwa, wa kwanza mtaani. Nimemfunga sebuleni, na najivuna, nisiseme uongo. Majirani wananipisha kwenye ngazi. Mume wangu ameshaweka kufuli la pili mlangoni.

Leo asubuhi alibisha hodi Bi Mashavu, mkunga mzee aliyenipokea nilipozaliwa. Alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili; mjukuu wake anaumwa.

“Shikamoo, mama,” akaniambia.

Mimi! Tangu nijue kusema, ndimi niliyekuwa nikimwamkia yeye.

Nikanyoosha mgongo.

“Marahaba,” nikaitikia, wala ulimi haukusita.