Mikono ya Jaji Mbonea

Jaji Mbonea alikuwa na desturi moja tangu aanze kusikiliza kesi za wavumbuzi: hakutoa hukumu kabla ya kukijaribu kifaa kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu wote. Leo mbele yake paliwekwa kijiti chenye kitanzi cha waya, cha kumsaidia mgonjwa kufunga vifungo vya shati. Mama Nakiete na Bwana Shedafa, waliowahi kushona pamoja, kila mmoja alidai ndiye aliyekibuni.

Jaji aliificha mikono chini ya meza. Ilikuwa ikitetemeka tangu mwaka jana, na aliyejua ni mkewe tu, aliyemfungia vifungo kila asubuhi. Watu wakiiona, watamwambia aache kazi akapumzike.

"Nikujaribie, Mheshimiwa?" karani alinong'ona.

Angeweza kukubali. Alifumba macho, akamwomba Mungu kwa maneno machache, kisha akaitoa mikono na kufungua kifungo cha mkono wa shati lake. Akakishika kijiti, kikamchezacheza vidoleni.

"Kilegeze, Mzee," Mama Nakiete alisema taratibu. "Ukikibana kinakataa."

"Kigeuze kwanza," Shedafa akaongeza. "Hapo. Sasa vuta."

"Usimharakishe."

"Simharakishi, mama. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniharakisha mimi."

Mtu akacheka, na jaji naye akacheka. Kitanzi kikanasa kifungo, nacho kikaanza kuingia polepole kwenye tundu lake, huku wale wawili wamesimama bega kwa bega, kila mmoja amenyoosha mkono bila kumgusa jaji.