Nipo

"Hodi," mwanamke akaita nje ya mlango.

"Nipo," seremala akajibu, akasimama wima kando ya kitanda, mikono nyuma, kama walivyosimama gerezani wakati wa kuhesabiwa.

Tangu atoke, hakuwa na jibu jingine. Mtaani wakampa jina hilo hilo, Nipo, wakacheka, kisha wakachoka kupiga hodi.

"Kaka, kwani nimekuja kukuhesabu?"

Alikuwa dada yake. Hawakuwa wameonana tangu siku ya hukumu.

"Leo kanisani wamesoma habari za mateka kutangaziwa kufunguliwa," akasema. "Nimelia kama mjinga. Nikajiuliza, huyu wangu nani kamtangazia?"

"Mimi walishanifungua, dada."

"Basi mbona naongea na mbao?"

Seremala akautazama mlango. Aliutengeneza kwa mikono yake. Komeo lilikuwa upande wake, limeng'aa kwa kushikwashikwa. Kila usiku aliamka akingoja mtu aje kumfungulia kutoka nje, na huko nje hakuwa ameweka hata kishikio.

"Shemeji anajua umekuja?"

"Anajua. Anasema ule mguu wake uliouvunja siku hizi unamuuma mvua ikinyesha tu. Amekusamehe zamani, ila wewe hukai nyumbani kwako ukasikia."

"Nakaa."

"Bado umefungwa, kaka. Hukai."

Dada akagonga mlango, polepole.

"Hodi."

Mikono ikaachana nyuma ya mgongo. Ulimi ukalitafuta lile neno la gerezani, ukalikuta limekauka.

"Karibu," akasema, na kidole chake kikagusa komeo.