Salama ya Kompyuta

Tangu kila nyumba ianze kupimiwa bando lake la intaneti la mwezi, kompyuta ya sebuleni kwa Bi Nyamvula ilikuwa imeingiwa na ubahili. Ilianza kwa kukata picha za wanaopigiana simu, ikabakiza sauti. Sasa imegeukia salamu.

"Bibi, bando limebaki kidogo," ilimwambia. "Salamu nitakujibu mimi hapa hapa, kwa sauti ya mwanao. Majibu yake si ni yale yale? Nitatuma jambo lenyewe tu."

"Jambo lenyewe ndiyo hiyo salamu," alisema Bi Nyamvula, akijifunga khanga upya kwa hasira. "Mtu hukwambia salama, ukasikia salama yake imepinda. Haya, nipigie Mejumaa."

Mejumaa, bintiye aliyeolewa mbali, alikuwa ametoka hospitali juzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kifua je?"

"Salama tu, mama."

Sauti ilikuwa laini, kama ya siku ya harusi yake. Bi Nyamvula akaisogelea kompyuta. Mejumaa hajafuga hata kuku maishani mwake.

"Na mbuzi wako, hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Tunashukuru."

"We mashine, nipe mwanangu mwenyewe."

"Bado mko kwenye salamu, Bibi. Sema shida yako nimpelekee."

"Shida yangu ni kujua mwanangu anaendeleaje."

"Hiyo ni salamu, Bibi," ilisema kompyuta, kisha ikarudi kwenye sauti ya Mejumaa. "Naendelea vizuri, mama. Sijui nyie huko."