Kiti cha Yule Binti

“Anza kwa kulia,” mwanasheria alisema. “Kesho lazima atalia. Tuzoee kabisa.”

Karani hakulia. Alikitazama kiti walichomwekea katikati ya chumba cha mikutano, mbali na meza, kimeligeuzia mgongo kabati la vikombe vya ushindi. Hapo ndipo yule binti angekaa kesho asubuhi mbele ya bodi, aeleze alichofanyiwa na kocha wa riadha. Leo walitaka kujipima naye kabla hajafika, kama timu inavyocheza na wachezaji wake wa akiba kabla ya kukutana na mpinzani.

Mwanasheria alikuwa mgeni. Alifika asubuhi ileile, hajui nani ni nani. Alimwona karani anapita na birika, mwembamba, miguu mirefu, akasema huyuhuyu atafaa kumwigiza binti. Mkuu wa chuo alifungua mdomo, akaufunga. Kukataa kungedai sababu.

“Dada, uliwahi kukimbia wewe?” mwanasheria aliuliza.

“Aliwahi,” Mkuu alimjibia. “Mita mia nne. Akaacha katikati ya msimu. Uvivu tu.”

“Duma aliyeogopa jua!” alidakia msajili wa chuo, akacheka mpaka tumbo likagonga meza.

Karani aliinua birika. Alimmiminia Mkuu chai, akavunja kidonge cha presha katikati kwa ukucha, akamwekea nusu kwenye kisahani. Hakuna aliyemwagiza. Kisha akaenda kukaa kwenye kile kiti.

Mkuu alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: ukivuka geti, undugu unauacha kwa mlinzi. Ndani hakuna shangazi, mjomba wala shemeji. Ndani kuna vyeo. Watu walimsifu kwa hilo, maana vyuo vingi vimekufa kwa kujuana.

“Sikilizeni,” mwanasheria alisema. “Kesi hii imesimama kwa mguu mmoja. Kocha alifanya, kocha hakufanya, huo ni mzigo wake. Sisi tunasema chuo hakikujua. Kabla ya binti huyu, hakuna aliyewahi kumwambia kiongozi yeyote hapa hata neno. Akitokea mmoja tu wa zamani, tumekwisha sote. Yupo?”

“Hayupo,” Mkuu alisema.

“Basi tulieni. Binti mwenyewe yatima, hana baba wala mama, kalelewa na bibi yake asiyeona. Nani atamsemea? Tukimbana sawasawa, jua la mchana litamkuta anafunga virago.”

Feni ya juu ilikuwa inazunguka polepole, inalalamika. Msajili akafunga dirisha. Nje, uwanjani, filimbi ya kocha ililia mara moja, na miguu mingi ikaanza kukimbia.

Mwanasheria alikohoa kidogo kusafisha koo.

“Chumba cha kuchulia misuli ulikwenda kwa miguu yako, au ulibebwa?”

“Niliitwa.”

“Ungekataa.”

“Kocha ndiye anayepanga nani akimbie na nani akae benchi.”

“Safi. Mlango ulikuwa wazi?”

“Aliufunga. Akatundika taulo kwenye kitasa cha nje, watu wajue kuna mtu anachuliwa. Halafu akaongeza sauti ya redio.”

“Taulo hata yule binti kalitaja kwenye malalamiko yake. Redio umeitoa wapi?” Mwanasheria alitabasamu. “Lakini tamu, acha iwepo. Msajili, akitaja redio unamjibu nini?”

“Namwambia muongo. Mle hamna redio.”

“Ilikuwepo,” karani alisema. “Ya kijani. Antena yake imeungwa kwa waya.”

“Aa, ile! Ile ilikufa zamani, hawa wa sasa hawawezi kui...”

Msajili aliishia hapo. Alimtazama karani, akamtazama Mkuu, akaanza kutafuta kitu mifukoni ambacho hakukipata.

“Inatosha, mama,” Mkuu alisema kwa sauti ndogo. “Umechoka. Nenda kapumzike.”

“Bado moja, Mkuu, nivumilie,” mwanasheria alisema. Alikuwa amenoga. “Hili ndilo la kumwangusha.” Akavua miwani, akakisogelea kile kiti, akainama mpaka pumzi yake ikamgusa karani usoni. “Binti. Kama kweli yalikupata hayo, mbona ulikaa kimya? Kwa nini hukumwambia mtu?”

“Nilimwambia.”

“Nani?”

“Baba. Jioni ileile. Alikuwa anavua viatu. Nikasimama mlangoni nikamweleza yote, na yeye bado ameshika kiatu kimoja mkononi. Akasema yule mzee ndiye anayetuletea vikombe, nisimchafulie mtu jina. Akasema nilale, kesho niwahi mazoezi.”

 Kisha mwanasheria akanyooka, akapiga makofi, akacheka kwa raha.

“Dada, wewe ungefaa kwenye maigizo! Nilishaanza kukuamini. Ila hapo umeteleza. Yule binti hana baba.”

“Najua,” karani alisema. Hakuwa anamtazama yeye. “Mimi ninaye. Meza kidonge chako, baba, chai inapoa.”