Kishimo cha Shavuni

Sheria ilikuwa hivi: ikifika arobaini ya msiba, picha zote za marehemu zinafutwa, ndani ya simu na ukutani. Ulichoruhusiwa ni uso mmoja wa karatasi, uliokatwa kwa mkono wa mtu wa nyumbani. Kila mwaka ulikata mpya kwa kuufuatisha wa zamani, kisha wa zamani ukauchoma.

Mwaka huu Bi Mwanaidi alikuwa hoi. Vidole vilimuuma na mkasi ulikuwa butu. Akaikunja karatasi katikati, kama anayekata mapambo ya harusi, akakata nusu ya uso wa mumewe, akaikunjua. Ule wa zamani akautia motoni jikoni, akashusha pumzi.

Binti yake Salha, aliyefiwa na baba angali ananyonya, aliutazama uso mpya kwa muda mrefu.

"Mama, kumbe baba alikuwa na vishimo mashavu yote mawili?"

"Kimoja tu, mwanangu. Uchovu huu! Lete gundi tukizibe kimoja."

Salha akaleta gundi na kipande cha karatasi.

"Kipi, mama?"

Bi Mwanaidi alipeleka kidole shavu la kulia, akakirudisha la kushoto, kikabaki hewani. Jikoni, majivu yalikuwa bado ya moto.