Turubai la Kuapishia

Kila rais wa wanyama alipoapishwa, Punda ndiye aliyebeba turubai la jukwaani, na hakuwahi hata mara moja kukaa chini yake.

Alipoapishwa Fisi, jua lilichoma mpaka Swala wawili wakazimia. Kunguru, msifiaji wa ikulu, akatangaza kutoka kivulini: "Jua hili ni nuru ya uongozi mpya!"

Alipoapishwa Nyani, mvua ilipiga tangu asubuhi. "Mvua ni baraka!" akatangaza Kunguru, naye Nyani, mkavu chini ya turubai, akahutubia saa tatu. Mtoto wa Punda alikohoa mwezi mzima.

Ikafika zamu ya Ngiri. Mawingu yalikuwa yametanda, na hotuba ilikuwa ya kurasa arobaini. Punda akaleta viti, akaleta zulia, kisha akasimama pembeni.

Ngiri alipomaliza tu kula kiapo, mvua ikamwagika. Akasoma ukurasa wa kwanza mbiombio. Wa pili ukamchanikia mkononi. Akautupa, akasema, "Nitachimba visima viwili kabla ya kiangazi. Ahsanteni, nendeni nyumbani msije mkaugua."

Wanyama walishangilia kuliko siku zote.

Ngiri, matope mpaka kwenye pembe za mdomo, akamwita Punda. "Turubai langu liko wapi?"

"Liko ghalani, Mheshimiwa," akajibu Punda. "Miaka yote Kunguru anatuambia mvua ni baraka. Mimi ni nani hata nikukinge na baraka?"